Karata 52 za Kuomba Msamaha

Mpenzi msomaji, kila mwezi kwenye ukurasa huu huwa nakalia kiti cha mshauri. Nakwambia msikilize mwenzi wako, heshimu vitu vyake, usifanye maamuzi peke yako. Mwezi huu naomba nishuke kwenye hicho kiti kwa muda, maana mwenzenu nimefanya kosa ambalo kama msomaji angeniandikia, ningemjibu kwa maneno makali.

Nilitupa karata za marehemu baba mkwe wangu.

Tulikuwa tunahama kutoka Sinza kwenda Tegeta. Aliyewahi kuhama anajua: siku ya kwanza unafunga kila kitu kwenye gazeti kwa upole, siku ya tatu huna huruma hata na picha za harusi. Juu ya kabati nikakuta kopo la maziwa ya unga lenye kutu. Ndani mna karata zimefungwa kwa mpira, zimekuwa rangi ya chai, nyingine zimechanika pembe. Nikazihesabu harakaharaka: hamsini. Nikasema moyoni, karata pungufu za nini? Kopo likaondoka na kijana wa mkokoteni wa taka, pamoja na viatu vilivyoachana na soli zake.

Wiki ya pili kwenye nyumba mpya, jioni, mume wangu akaniuliza, "Mama Imani, lile kopo la mzee uliliweka wapi?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu: "Sawa."

Wanawake wenzangu mlioolewa, hiyo "sawa" mnaijua. Bora angegomba. Tangu tuoane tulikuwa na kawaida yetu: mtoto akilala, tunacheza karata mezani raundi mbili tatu, tunataniana, ndipo tunazungumza mambo ya ada na kodi. Baada ya siku ile, mtoto akilala yeye anashika simu. Nikaenda Kariakoo nikamnunulia karata mpya. Akasema asante, akaziweka juu ya friji, na nailoni yake haikutolewa. Nikawa mpole.

Baada ya msiba wa mzee, wadogo zake mume wangu walichukua redio na baiskeli. Yeye alichukua kopo lile tu. Mimi niliona limeingia nyumbani, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuuliza lina nini. Na mimi ndiye ninayewaandikia habari za mawasiliano ndani ya ndoa!

Wazo lilinijia ofisini, namtazama kijana wetu anayepanga kurasa za jarida hili akitengeneza kadi ya harusi ya rafiki yake. Kama anaweza kadi ya harusi, karata zinamshinda nini? Mzee wetu alikuwa mtu wa sinema za kauboi. Enzi za ujana wake Tanga hakuikosa hata moja, na rafiki zake walimbatiza Django, kwa ile filamu ya mwaka 1966 aliyocheza Franco Nero, ya mtu anayevuta jeneza matopeni. Mpaka anazeeka alivaa kofia ya pama. Basi, nikasema, nitamtengenezea mwanawe karata za kauboi, za peke yake, zisizouzwa dukani popote.

"Dada, hiyo kazi ya siku mbili," kijana akaniambia.

Ikachukua miezi minne.

Siku mbili zake aliziheshimu, sikatai. Akaniletea kazi ya kwanza, na kusema kweli ilikuwa bomba: mafuvu, bastola zilizopishana, milango ya baa ile ya kusukuma kwa kifua, Wahindi Wekundu wenye sura za kutisha, na wafalme wote wanne wana sura za mastaa wa sinema. Nikaipenda. Nikachapa kwenye karatasi za kawaida, nikapanda basi Jumamosi kwenda Tanga kumwonyesha mama mkwe, nikijua atafurahi.

Mama alivaa miwani yake, akazipitia moja moja mpaka ya mwisho. Akaziweka chini.

"Mwanangu, farasi yuko wapi?"

Msomaji, karata zote zile, hamna farasi hata mmoja!

"Baba yenu hakupenda bunduki," Mama akasema. "Wakianza kupigana alikuwa anainamisha kichwa. Alikuwa anakwenda kumtazama farasi. Na yule bwana anayekuja, anatengeneza mambo ya watu, halafu anaondoka zake. Nilikuwa namuuliza, mbona habaki na yule mwanamke? Ananiambia, akibaki picha inaharibika."

Akacheka, akafuta miwani. Halafu akanisimulia habari ya saba ya kopa.

Hapa inabidi niwaeleze wale msiocheza karata za pwani. Mzee alicheza wahedi wa sitini, mchezo ambao thamani ya karata haifuati unavyodhani. Ree ina 11. Inayofuata si kingi, ni saba: ina 10. Kingi, ambaye wazee walimwita mzungu wa nne, ana 4. Jeki, mzungu wa tatu, ana 3. Na kwini, mzungu wa pili, ana 2 tu. Yaani malkia anazidiwa na kijana wa kazi. (Akina dada, msinilaumu mimi. Mchezo huu una asili ya Wareno, na hata majina shupaza, kopa, uru na pao ni yao.) Jumla ni 120, anayefikisha 61 ameshinda. Kwa hiyo mwenye saba mkononi ana mali.

"Ile saba ya kopa ilikuwa haina pembe," Mama akasema. "Mumeo aliing'ata akiwa anaota meno. Baba yake alikataa kununua karata nyingine. Alikuwa anajua siku zote nani ameishika, na huyo mwanawe kila akiipata anaificha kwa kidole gumba, mpaka amekuwa mtu mzima anaificha."

Nilirudi Dar na basi la jioni nikiwa nimeshika kichwa. Nilikuwa nimetupa kitu chenye alama ya meno ya mume wangu akiwa mtoto, na nilitaka kumlipa kwa mafuvu.

Tukaanza upya. Kijana alinuna kidogo, nikamnunulia chipsi mayai, mambo yakaenda. Mafuvu tukayatoa yote. Sura za mastaa nazo tukazitoa, kwanza kwa sababu ni mali za wenyewe, pili kwa sababu nilipoanza kusoma habari za Magharibi ya kweli ya Marekani, niligundua sinema zimetuficha watu.

Mfano Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa mwaka 1838 huko Arkansas. Mwaka 1875 akawa naibu wa marshali wa serikali, ofisa wa kusaka wahalifu katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Hakujua kusoma; alikuwa anasomewa hati za kukamata watu, anazishika kichwani, anapanda farasi anakwenda kuwatafuta. Kwa hesabu yake mwenyewe alikamata zaidi ya watu 3,000. Mtu mweusi, ana nyota kifuani, ana masharubu mazito kama ya mzee wetu! Huyo akawa kingi wa shupaza bila mjadala. Jeki wake ni Nat Love, naye alizaliwa utumwani, Tennessee mwaka 1854, akawa mchunga ng'ombe na mwaka 1907 akatoa kitabu cha maisha yake ambacho baadhi ya visa vyake, nawaambia ukweli, vina chumvi nyingi. Kwini ni Mary Fields wa Cascade, Montana, ambaye mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 60 na ushee, alichukua zabuni ya kusafirisha barua kwa gari la farasi kwenye theluji. Kijana akaniuliza, "Dada, kumbe hawa watu walikuwepo?" Walikuwepo. Kati ya wachunga ng'ombe wa Texas weusi hawakuwa wachache, ila kamera haikuwageukia.

Wahindi Wekundu wa kutisha tukawatoa pia. Wale walikuwa ndio wenye nchi. Kingi wa uru akawa Sitting Bull, kiongozi wa Walakota aliyeuawa na askari polisi waliokwenda kumkamata Desemba 1890, na tukamchora ameketi, ametulia, hana shoka.

Kwenye kopa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, maana kopa ni mioyo na hili ni jarida la wapendanao. Kwini wa kopa ni Annie Oakley. Alizaliwa Ohio mwaka 1860, kwa hiyo Magharibi yenyewe aliijua zaidi kupitia maonyesho ya Buffalo Bill aliyojiunga nayo mwaka 1885. Shabaha yake ilikuwa ya ajabu: unamshikia karata kwa ubavu, upande ule mwembamba kama uzi, anaipiga. Mume wake, Frank Butler, alikuwa naye ni mpiga shabaha mashuhuri. Walikutana kwenye mashindano, binti akamshinda. Sasa wanaume wangapi wangenuna pale? Yeye alimuoa, na baadaye akaacha kutafuta sifa zake mwenyewe, akawa meneja wa mkewe na mshika karata zake. Annie alifariki tarehe 3 Novemba 1926. Frank alimfuata baada ya siku 18. Nilimsomea kijana habari hiyo, akaacha kuchora, akaenda nje kupiga simu. Sikumuuliza alimpigia nani.

Frank ndiye kingi wa kopa.

Kuna jambo moja nililikataa hata kijana aliponibembeleza. Tarehe 2 Agosti 1876, mji wa Deadwood, Wild Bill Hickok alipigwa risasi kwa nyuma akiwa anacheza poka. Inasimuliwa kwamba mkononi alikuwa na ree mbili na nane mbili, zote nyeusi, na mpaka leo wacheza poka wanaita huo ni mkono wa marehemu. Kila anayetengeneza karata za kauboi anapenda kuziwekea alama karata hizo, tone la damu au tundu la risasi. Kwa mtu mwingine ni mapambo mazuri. Kwa aliyefiwa na baba, mimi nilisema hapana. Kwenye hizo nane tukaweka vyatu vya farasi vinane vinane, basi.

Na farasi? Wako kwenye ree zote nne, na kila mmoja ana rangi yake.

Saba nazo tukazipa heshima. Ukichukua kiolezo cha karata kutoka nje utakuta saba haina kitu, alama saba tu zimepangwa, kwa sababu kwao saba ni namba ndogo. Kwetu ni tajiri. Kwa hiyo kila saba ikapata picha: shimo la moto na birika la kahawa, kamba ya kitanzi, tandiko. Saba ya kopa ikapata kofia ya pama iliyotundikwa kwenye nguzo ya uzio. Ile kofia tuliichora kutoka kwenye picha ya mzee aliyonipa Mama, pamoja na kibonyeo chake cha kushoto. Kijana alipendekeza tuchore na pembe iliyong'atwa, ionekane kama imechanika. Nilifikiri usiku mzima, nikakataa. Niliona itakuwa kama kumchorea mtu kovu.

Sasa, kama na wewe unataka kumfanyia mwenzi wako kitu kama hiki, nikupe yale niliyojifunza kwa hasara. Karata ya kawaida ya poka ni milimita 63 kwa 88. Picha yako iwe kubwa kuliko hapo kwa milimita 3 kila upande, maana kisu cha mchapaji hakipiti mahali pamoja siku zote, na maandishi usiyapeleke ukingoni. Weka namba kwenye pembe. Kijana alitaka tufanye kama karata za zamani za Marekani, ambazo hazikuwa na namba pembeni na pembe zake hazikuwa za duara. Namba zilianza kuenea miaka ya 1870. Zinavutia kuziangalia, ila jaribu kushika karata tisa za hivyo mkononi, utatafuta mzungu wa pili mpaka kesho.

Kasheshe lilikuwa mgongoni mwa karata. Tulichora fremu ya senyenge kuzunguka ukingo wote, kitu kizuri sana kwenye kompyuta. Nikapeleka kwa mchapaji mmoja wa kadi za harusi, jina tunalihifadhi. Zilipotoka, fremu ile kwenye karata moja imesogea kushoto, nyingine imesogea kulia, nyingine imekatwa kabisa. Ukizitazama kwa nyuma tu unazijua: hii ree, ile tano. Juu ya hapo karatasi ilikuwa nyembamba. Ukiinua karata mbele ya taa, namba inaonekana upande wa pili. Huko Magharibi, watu waliocheza faro na poka kwa karata zenye alama za siri walipigwa risasi mezani. Mimi nilipoteza hela tu.

Mara ya pili tukaondoa fremu. Mgongo ukawa nakshi ya kamba na nyota inayotoka ukingo mpaka ukingo, ikigeuzwa juu chini ni ileile. Karatasi tukatafuta ile maalumu ya karata, yenye utando mweusi katikati usiopitisha mwanga, gramu 300 na kitu, ikapigwa na plastiki nyembamba juu, pembe zikakatwa duara kwa mashine. Karata 52 na jokeri mbili, kwenye boksi lake. Kwenye boksi hatukuandika jina la mzee. Tuliandika neno moja: Django.

Nilimpa Ijumaa usiku, mtoto amelala. Hakuna keki wala mshumaa, nilisukuma tu boksi mezani kuelekea upande wake. Nikasema, "Baba Imani, najua si zile."

Alilisoma boksi. Akazitoa, akaanza kuzipitia moja moja kama alivyofanya mama yake, na mimi nikawa natazama mikono yake kwa sababu usoni niliogopa. Kwa Bass Reeves akauliza, "Huyu nani?" Nikamweleza. Akasema, "Ana masharubu ya mzee." Kwa Mary Fields akatabasamu kidogo. Alipofika saba ya kopa alisimama. Akaishika muda. Halafu akaiweka mezani, akainuka, akatoka barazani, na mlango akaurudishia.

Dakika kumi hivi. Kwangu zilikuwa kama saa nzima. Sikumfuata. Miaka yote nawashauri wasomaji mfuateni mwenzi wako, zungumzeni, na mimi nilikaa pale nimeshika jokeri.

Akarudi ameosha uso. Akavuta kiti.

"Gawa," akasema.

Nikagawa. Alinifunga 74 kwa 46, raundi ya pili akanifunga tena, na katikati ya raundi ya tatu ndipo akaanza kusimulia: jinsi mzee alivyokuwa anajifanya hajaona kidole gumba chake, jinsi alivyomwachia ashinde siku ya matokeo ya darasa la saba. Tulilala saa nane usiku. Habari za lile kopo hakuzitaja, na sijui kama ameshanisamehe kabisa. Nilimwomba msamaha kwa mdomo pia, siku ya pili, mchana, bila karata. Akasema, "Ungeuliza tu, Mama Imani." Basi.

Tumerudi kwenye kawaida yetu. Ila kuna jambo. Kwa wiki mbili mfululizo nilikuwa nafungwa tu, tena vibaya, na kila nikishika saba ya kopa yeye anakuwa ameshajua. Jumanne nikaichunguza kwenye mwanga. Pembe ya juu, kulia, kwenye ile plastiki, kuna vishimo viwili vidogo vimekaa pamoja.

Ni meno. Mtu mzima wa miaka 38, ana kitambulisho cha kazi, amekaa peke yake akang'ata karata.

Sijamwambia kitu. Ila juzi alipokwenda kuoga, nilichukua ree ya shupaza, nikaikunja kidogo sana kwenye kona, nikairudisha katikati ya zenzake.